Mtungi Uliokataa Kuanza

Tarehe 28 Oktoba 1974 Germana Qamara, mjane wa miaka hamsini na miwili, aligawiwa shamba la ekari mbili katika kijiji kipya cha Endaharo, chini ya msitu wa Ngorongoro, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka Karatu.

Masharti yalisomwa mkutanoni siku hiyohiyo. Shamba litakalokutwa halijalimwa na kupandwa baada ya tarehe 15 Desemba litachukuliwa na kupewa mwingine. Ekari hizo mbili hazikuwa zimewahi kuguswa na jembe. Zilikuwa malisho, mizizi ya majani imefumana kama mkeka, na udongo chini yake ulikuwa mgumu kwa ukame wa mwaka wa pili. Germana hakuwa na maksai wa kukokota plau. Wale aliokuwa nao walikufa mwezi Agosti, wiki chache kabla ya kuhamishwa. Mwanawe wa pekee, Inosenti, alikuwa kibarua katika shamba la kahawa upande wa Oldeani na hakuweza kuondoka mpaka mavuno yaishe. Nyumbani walikuwa wanawake wawili, yeye na mkwewe Hyasinta, mke wa Inosenti.

Kwa Wairaqw mtu wa hali hiyo ana njia moja. Anapika pombe na kualika majirani. Wanakuja na majembe asubuhi, wanalima mpaka jua la saa saba, kisha wanakaa na kunywa. Hakuna anayepima nani amelima kiasi gani. Lakini wakifika wakakuta pombe haijaiva, wanageuka na majembe yao mabegani, na mwaliko wa pili hauitikiwi. Germana aliwaalika wanaume kumi na saba. Siku aliyoitaja ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Novemba.

Aliitaja bila wasiwasi kwa sababu alijua kazi yake. Alikuwa amepika pombe tangu usichana wake, na hata watu wasiompenda walikubali kwamba hakuna aliyemzidi katika kujua saa ambayo pombe inaanza kuchachuka. Huko walikotoka, wanawake wengine walikuwa wakimwita aje kupima mitungi yao. Alianza kwa sikio. Aliliweka karibu na mdomo wa mtungi kabla hata ya kutazama ndani, kwa kuwa pombe iliyoanza ina sauti ndogo, kama mafuta yanayokaribia kupata moto. Kisha alitazama uso wake kuona vijishimo vinavyofunguka na kujifunga. Kisha akanusa. Baada ya hapo aliwasha ujani mkavu na kuushusha taratibu ndani ya shingo ya mtungi. Moto ukizimika mara moja, kabla haujagusa kitu, pombe inafanya kazi. Ulimi aliuacha wa mwisho. Ulimi, alikuwa akisema, unadanganyika ukiwa na njaa.

Tatizo mwaka ule lilikuwa kimea. Unga haukukosekana kabisa. Kila kaya ilipata unga wa njano wa msaada, ule ambao watu waliuita yanga. Lakini unga peke yake hutoa uji. Ili uji uwe pombe lazima utiwe kimea, na kimea kinatokana na nafaka inayoota. Mtama wa mwisho wa Germana ulikuwa umeliwa mwezi Septemba. Aliomba punje za mahindi ya msaada kwa jirani, akazilowanisha siku tano, zikanuka na kuoza. Zilikuwa zimekaa mno melini na maghalani.

Tarehe 6 Novemba lori lilileta mbegu, debe moja la mtama kwa kila kaya. Punje zilikuwa na rangi ya waridi iliyoshika vidoleni. Bwana shamba, kijana aliyeitwa Felisiani, alisimama nyuma ya lori akaeleza kwamba mbegu hiyo imepakwa dawa.

"Ni ya kuotesha," alisema. "Msile. Narudia, hii si ya ugali. Mtu asiniletee kesho habari za tumbo."

Josephati, shemeji yake Germana, mdogo wa marehemu mumewe, aliinua mkono. Alikuwa mtu wa maneno mengi na watu walianza kucheka kabla hajasema.

"Bwana shamba, umesema tusile. Je, kunywa?"

"Mzee, wewe kunywa tu ndiyo shamba lako."

Mkutano mzima ulicheka, Felisiani naye akacheka. Alikuwa na vijiji vitatu vingine vya kufika siku hiyo. Akapanda lori.

Germana aliichukua mbegu nyumbani na kuigawa mara mbili. Nusu aliiweka ya kupanda. Nusu nyingine aliitia kwenye beseni na kuiosha. Aliiosha kwa maji saba, akihesabu, mpaka maji yakatoka meupe na punje zikarudi rangi ya mtama. Maji mekundu aliyamwaga nyuma ya nyumba. Neno "msile" alilitii kikamilifu. Hakuna mtu wa nyumba yake aliyekula punje hata moja. Baadaye alipoulizwa alifikiri nini, alijibu kwa sentensi moja: "Niliambiwa ni ya kuotesha, nikaiotesha."

Iliota vizuri kuliko kimea chochote alichowahi kuona, vijizizi vyeupe, vilivyonyooka, vya urefu mmoja. Aliianika, akaisaga.

Jumatano tarehe 20, saa sita mchana, alichanganya. Uji wa unga uliokaangwa ulikuwa umepoa kiasi cha kuvumilika kwa kiwiko. Akatia kimea, akakoroga, akafunika. Mtungi mkubwa ulihitaji kusogezwa kutoka mlangoni mpaka ukutani, mahali pasipo na upepo, na mtungi uliojaa hauinuliwi na mtu mmoja. Germana alichungulia nje. Njia ilikuwa tupu. Watu wote walikuwa kwenye foleni ya unga. Akamwita Hyasinta.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo mgeni hawezi kulielewa asipoelezwa. Mwishoni mwa Septemba Hyasinta alikuwa amejifungua mtoto aliyekwisha kufa. Kwa desturi ya Wairaqw mwanamke wa namna hiyo huingia metimani: hutengwa kwa miezi kadhaa, hula kwa chombo chake, huota moto wake, hakanyagi shamba la mtu wala kushika kitu kitakachotumiwa na watu wengine, kwa kuwa kifo kile kinaaminika kuambukiza mimea, mifugo na mimba. Walikotoka, nyumba zilikuwa mbalimbali na kujitenga kulikuwa rahisi. Endaharo nyumba zilipangwa kwa mstari, hatua ishirini kati ya moja na nyingine. Germana alimjengea mkwewe kibanda cha mabua nyuma ya nyumba, na hicho ndicho kilichokuwa kujitenga kwake.

Hyasinta aliingia, akashika upande mmoja wa mtungi, wakauweka ukutani. Akarudi kibandani.

Alhamisi asubuhi Germana aliinamisha sikio. Kimya. Hakushtuka, kwa kuwa Novemba upepo wa msituni ni baridi, na nyumba mpya haina joto la ile ya zamani, ambamo mtungi ulikaa upande mmoja wa ukuta na ng'ombe upande wa pili. Alisogeza moto, akauvika mtungi blanketi lake. Saa sita akasikiliza tena. Jioni akawasha ujani na kuushusha shingoni. Uliendelea kuwaka mpaka ukamfikia vidoleni.

Katika miaka thelathini na mitano hakuwahi kuona hilo. Kimea kilichoota vile, uji uliopoa sawasawa, moto karibu, na siku nzima hakuna hata kijishimo kimoja. Alionja. Ilikuwa tamu, tamu tupu ya togwa anayopewa mtoto. Alirudia kila hatua kichwani na hakuona alipokosea, isipokuwa mahali pamoja.

Ijumaa alfajiri alitoka akasimama mbele ya kibanda.

"Uliushika mtungi," alisema.

"Uliniita, Mama."

"Nilikuita, ndiyo. Ulikuwa na mdomo wa kukataa."

"Ningekataaje na wewe umeshaushika upande mmoja?"

"Usinijibu hivyo. Wanaume kumi na saba wanakuja kesho. Nitawapa togwa? Niwafunge na bibu za watoto shingoni kabisa?"

Hyasinta akasema, "Mama, kuku wawili wamekufa huku nyuma. Yule mweusi na mtetea wa jirani Leonida. Walikuwa wanadonoa pale ulipomwaga maji mekundu."

"Kuku wa nani hajafa mwaka huu?"

Hilo lilikuwa kweli. Kideri kilikuwa kimepita Oktoba na kumaliza nusu ya kuku wa kijiji.

"Hawa hawakusinzia, Mama. Walitetemeka, wakaanguka."

"Na wameangukia wapi?" Germana aliuliza. "Nionyeshe. Mgongoni mwa kibanda chako. Halafu wewe ndiye unayenieleza mimi kilichowaua."

Alimwambia aondoke siku hiyohiyo, arudi kwenye nyumba yao ya zamani mahameni, mwendo wa saa mbili kupitia korongo, akae huko mpaka aitwe. Paa la nyumba hiyo lilikuwa limebomolewa nusu wakati wa kuhama ili watu wasirudi. Hyasinta alichukua blanketi, kibuyu chake, na unga kiasi cha mabakuli mawili. Majirani wawili walimwona akipita. Hawakumsalimia, kwa kuwa aliye metimani hasalimiwi njiani.

Baada ya hapo Germana alifanya kazi kama mtu aliyekwisha kuondoa kizuizi. Alikwenda kwa Leonida, mpikaji mwenzake, aliyekuwa amechuja asubuhi ile pombe aliyoipika kwa kimea chake cha mwisho cha akiba.

"Nipe machicha."

"Yako imekataa?"

"Inavuta miguu."

"Wewe? Germana anaomba machicha kwangu? Ngoja nikae chini kwanza."

"Cheka baadaye, dada. Nipe."

Alirudi na machicha yaliyojaa chungu, yakichemka bado kwa uhai wa pombe nyingine. Kwa kawaida mtungi wa kiasi kile unatosheka na kata moja. Alitia yote. Juu yake akatia bakuli la mwisho la kimea, lililokuwa limebaki, ili pombe ipate nguvu. Akakoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, akafunika, akaketi.

Saa tisa alasiri akasikia. Ilikuwa sauti hafifu, ikakatika, ikarudi. Akatazama: kijishimo kimoja karibu na ukingo, kingine katikati. Akawasha ujani. Moto ulisita, ukalala upande, ukazimika.

Alimwita Josephati aje kushuhudia. Josephati alichota kidogo kwa kata, akaonja, akakunja uso.

"Shemeji, hii bado ina utoto. Nilidhani nimekuja pombeni, kumbe ni ubatizo."

"Ngoja mpaka kesho saa saba."

"Nitangoja. Lakini ina kitu nyuma ya ulimi. Kama chuma."

"Ni unga wa yanga. Kila kitu mwaka huu kina chuma."

"Kweli," alisema Josephati, akamalizia kata.

Jumamosi wote kumi na saba walikuja. Waliingia shambani jua likichomoza, wakasimama mstari mmoja, na mpaka saa saba ekari zote mbili zilikuwa zimegeuzwa, mabonge ya majani yamepinduliwa juu chini, hadi mpaka wa mwisho. Watu waliopita baadaye wamekiri kwamba hapakuwa na shamba lililolimwa vizuri kuliko hilo katika mstari ule wote. Wakaja nyumbani, wakakaa kivulini upande wa mashariki.

Germana alikunywa wa kwanza, kama mpikaji anavyotakiwa, kata nzima mbele ya watu. Josephati, aliyekuwa mkubwa kwa umri kati ya waliokaa, alimimina kidogo chini na kusema maneno ya baraka, akiomba mvua, watoto na maziwa, wengine wakiitikia. Kisha kata ikazunguka. Walikuwa na njaa. Wengi hawakuwa wamekula tangu jana yake. Walikunywa haraka.

Wa kwanza kulalamika alikuwa kijana aliyeitwa Margwe. Alisema kichwa kinampasuka, na wenzake wakamwambia hiyo ndiyo tofauti ya pombe na togwa. Walikuwa bado wanamtania alipoanza kutapika. Uso wake ulikuwa mwekundu kama uliochomwa. Kisha mzee Boay akajaribu kusimama na miguu ikamkatalia. Katika muda wa kama nusu saa wanaume kumi na mmoja walikuwa chini, baadhi wakitetemeka viungo vyote, na Germana mwenyewe alikuwa amejishikilia nguzo ya mlango, akijitapisha kwa vidole.

Leonida ndiye aliyekimbia kuita watu. Kijiji hakikuwa na gari. Wagonjwa walibebwa kwa ngozi na milango hadi barabarani, ambako lori la mbao lilisimamishwa na kuwapeleka hospitali. Josephati alifariki barabarani wakisubiri. Boay alifariki ndani ya lori. Margwe aliishi mpaka Jumapili adhuhuri.

Jumatatu mganga msaidizi alikaa kwenye kiti kando ya kitanda cha Germana. Alikuwa ameletewa punje chache za mtama kutoka ile nusu iliyobaki, zimefungwa kwenye karatasi, na alikwisha kuelewa. Alimuuliza kama aliona dalili yoyote kabla ya watu kunywa.

"Ilikataa kuanza," Germana alisema. "Siku mbili."

"Uliiosha mbegu?"

"Maji saba."

"Maji yanaondoa rangi, mama. Dawa nyingine inaingia ndani ya ganda, haitoki. Imewekwa iue ukungu na wadudu wanaokula mbegu ardhini. Sasa, kile kinachochachusha pombe ni ndugu wa ukungu. Humo mtungini kilikuwa kinakufa. Ulipotia machicha mengi kikaishinda dawa, kikaanza kazi. Lakini dawa ilibaki palepale."

Germana alijiinua kidogo kitandani.

"Kwa hiyo hakuwa yeye," alisema.

"Nani?"

Aligeukia ukutani.

Hyasinta hakujua lolote. Unga wake uliisha siku ya nne. Alichimba mizizi, akanywa maji ya korongo, na hakurudi kijijini kwa sababu hakuwa ameitwa. Inosenti, aliyeruhusiwa kuja kumzika baba yake mdogo, aliuliza mkewe yuko wapi na hakupata jibu mpaka mazishi yalipokwisha. Alimkuta siku ya tisa, amelala upande wa nyumba wenye paa, hawezi kutembea. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani na kumpeleka kwa wazazi wake. Hakupita kwa mama yake.

Polisi walichukua mtungi, kata, na mbegu yote iliyobaki nyumbani kwa Germana, hadi punje ya mwisho, kama vielelezo. Maghala ya kijiji hayakuwa na mbegu nyingine. Jumatatu tarehe 16 Desemba kamati ilipita mashambani na daftari. Shamba la Germana lilikutwa limelimwa na halijapandwa. Lilikabidhiwa kwa mtu wa kaya ya jirani aliyekuwa na debe lake bado, naye alipanda wiki hiyohiyo, mvua ikaja.

Germana yuko nje kwa dhamana. Wazee waliokaa baada ya mazishi walimweka metimani kwa mwaka mzima, kwa vifo vitatu. Anaishi peke yake katika nyumba ileile, na mtu anayempelekea unga anauacha juu ya jiwe kabla ya kufika mlangoni. Hajapika tena. Wanawake wa mstari ule wanapokuwa na mtungi wa kupima, wanamwita Leonida.

Alipoulizwa mwezi uliopita kama angeweza kutambua tofauti, kama ingetokea tena, alifikiri kabla ya kujibu, akasema kwamba dalili zote alizijua na zote alizifuata. Sikio lilimwambia pombe haijaanza, na lilikuwa sahihi. Moto ulimwambia imeanza, nao ulikuwa sahihi. Hakuna mahali, alisema, ambapo alifundishwa kuuliza kwa nini.

Anashtakiwa kwa kusababisha vifo kwa uzembe. Kesi itaanza kusikilizwa Mbulu Jumatatu, tarehe 14 Aprili 1975. Shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka ni Hyasinta.